Nyumba Unauza, Minazi ya Nani?

Nyie vijana wa stendi, mnaokaa juu ya pikipiki na simu mbili mbili mkononi, nawapenda. Nasema mapema, maana nikianza kusema mtadhani nina ugomvi na nyie. Sina ugomvi. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, ulimi bado uko kazini.

Juzi mmoja wenu kanionyesha picha ya nyumba anayoiuza. Nyumba imepakwa rangi ya pichi mbele, inang'aa. Nikamwambia, mwanangu, zunguka nyuma upige picha na huko. Akacheka. "Bi mkubwa, nyuma hakuna mchongo." Nikamjibu, nyuma ndiko mteja atakakolala, we! Mbele anapita tu akienda dukani.

Mie ni Siwema. Waliokuwa wanahitaji nyumba au kiwanja hapa Kibiti, zamani kidogo, waliambiwa mtafute Bi Siwema dalali, nyumba yenye mlango wa kijani. Kazi hii wanaume wengi walidhani mwanamke hataiweza. Nikaiweza. Nyumba mwanaume anaitazama bati, mwanamke anatazama jiko liko wapi na moshi unakwenda wapi. Nani anakaa humo kutwa?

Nilipoanza, viwanja havikuwa na futi kamba. Tulipima kwa hatua za mtu mzima. Sasa mtu mzima yupi? Hapo ndipo ugomvi. Siku moja mnunuzi kutoka Dar kaja na binamu yake, mrefu huyo, miguu yote shingoni. Ati ndiye mpimaji. Muuzaji kuona vile akaingia ndani, akatoka na bibi yake mzaa mama, kikongwe, kafika kiunoni mwangu. "Na mie mpimaji wangu huyu." Watu walicheka mpaka kazi ikasimama. Mwisho wakakubaliana nipime mie, kwa kuwa si mrefu si mfupi, na ndugu yangu hayumo. Tangu siku hiyo nikawa kipimo. Nusu ya viwanja vya upande wa kule sokoni vimepimwa kwa miguu hii mnayoiona imevimba.

Aliyenifunza alikuwa Mzee Athumani, Mungu amrehemu. Alianza udalali wakati bei ya kiwanja mtu anaitaja huku anapiga mswaki. Halafu daraja likajengwa pale Ndundu, lami ikaja, na watu wa Dar wakaanza kushuka Jumamosi na magari yao kuuliza bei. Kiwanja cha barabarani kikapanda bei, kikapanda tena, na wenyeji wakauza kwa pupa. Wengine waliuza shamba zima wakanunua pikipiki, na pikipiki yenyewe leo haipo. Mzee Athumani akiona mtu anauza kwa pupa, anamwambia arudi nyumbani akale, aje kesho. Wengi hawakurudi, na yeye alifurahi ingawa hakupata kitu.

Alinifunza mambo mengi, lakini nitawapa mawili. La kwanza: kiwanja cha bondeni usikiamini kiangazi. Kiangazi kila bonde linapendeza. Tazama kichuguu. Mchwa si mjinga, hajengi panapokaa maji. Tazama nyumba ya jirani, chini kwenye ukuta, kama udongo una mstari wa rangi nyingine. Mstari huo ndio urefu wa maji ya masika. Ukiona matete yanaota katikati ya kiwanja, mwambie mteja wako hapa atalima mpunga vizuri sana, lakini kitanda apeleke kwingine.

La pili ndilo kubwa. Kabla hujamleta mnunuzi, nenda kwa jirani ukaombe maji ya kunywa. Usiulize neno lolote. Piga hodi, kaa, omba maji. Kwanza utajua kama kisima cha hapo kina chumvi. Pili, huku kwetu hakuna mtu anayekupa maji halafu akanyamaza. Kata ya kwanza ya maji anakuuliza umetoka wapi. Kata ya pili anakwambia nani kaumwa, nani kahama, ukuta gani umepasuka, na ugomvi gani uko mahakamani. Nyie sasa hivi hamuombi maji, mnakunywa soda kwenye pikipiki. Mtajuaje?

Na somo hili la pili sikulishika mpaka liliponiumiza.

Nilimuuzia dereva mstaafu, mtu wa bara, kiwanja kizuri chenye minazi mitano. Mauziano safi, mashahidi wapo, tukala na pilau. Wiki ya pili yule bwana kakata minazi miwili apate pa kuweka gari. Ijumaa naitwa. Nafika, namkuta bibi mmoja kakaa juu ya kisiki, kanga kichwani, analia kama pamefiwa. "Kiwanja chake, sawa. Minazi yangu! Kaipanda marehemu mume wangu!" Yule dereva kashika shoka bado, macho yamemtoka. Ananiuliza, "Mama, huyu anasema nini? Mti unaota kwenye ardhi yangu, unakuwaje wake?"

Nyie mliozaliwa hapa mnajua. Huku kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mtu anaweza kukuuzia kiwanja, mnazi ukabaki wa shangazi yake, na shangazi akaja na mkwezi wake kila msimu, akaangua nazi zake, akaaga vizuri, akaondoka. Mie nimekulia humo. Ndiyo maana sikumwambia yule bwana. Kwetu hakuna anayesema, kila mtu anajua, na kumbe yeye ni mgeni, atajulia wapi? Nilimlipa bibi minazi miwili kutoka mfukoni mwangu, na heshima yangu pale sokoni ikakaa mwezi mzima bila kutoka nje.

Mzee Athumani aliponisikia alicheka mpaka akakohoa. "Siwema, umeuza chungu, na mboga ya mwenzio imo ndani!"

Basi tangu hapo, nyumba yoyote nikipewa niuze, swali la kwanza ni lile: miti ya nani? Na sasa nawasimulia siku swali hilo liliponitoa jasho.

Ilikuwa miaka michache tu iliyopita, karibu na kuacha kazi. Wakaja mume na mke kutoka Kiongoroni, kule visiwani. Shamte, mkata mikoko na mvuvi, na mkewe Bi Tatu. Shamte mtu wa maneno machache, vidole vyake vigumu kwa tope na chumvi. Bi Tatu mcheshi, mwembamba, na tumbo la miezi minane mbele yake. Wameuza mashua. Mnaelewa maana ya mtu wa kisiwani kuuza mashua? Hana tena cha kurudia.

Bi Tatu mwenyewe ndiye aliyenieleza, tumekaa ukumbini kwangu anakula embe bichi kwa chumvi. Mimba ya kwanza, uchungu ulimshika kijijini, wakampakia kwenye mashua wampeleke Nyamisati wapate gari. Njiani maji yakapwa. Mashua ikakaa kwenye tope, katikati ya mikoko, na hakuna la kufanya ila kungoja maji yajae. Walingoja kutwa. Mtoto hakungoja.

"Safari hii," akaniambia, "nataka nyumba ambayo uchungu ukinishika, naenda hospitali kwa miguu yangu. Hata iwe kibanda, Bi Siwema. Mradi kwa miguu."

Nikasema, Inshallah.

Na nyumba ilikuwepo. Vyumba vitatu, bati zima, kisima cha maji matamu, minazi saba uani. Kutoka mlangoni mpaka geti la hospitali nilipima mwenyewe, hatua mia nne na kitu. Mwenye nyumba ni Bakari, fundi cherehani, kairithi kwa mama yake na anataka kuhamia Dar. Bei yake ilikuwa inalingana na ile pesa ya mashua kama vile wamepatana. Shamte, kwa kuwa ni mtu wa huku, akauliza mwenyewe, "Na minazi?" Bakari akajibu bila kupepesa, "Yote yangu. Nyumba na minazi, ndiyo maana bei iko hapo." Shamte karidhika. Bi Tatu kashaingia jikoni, kashachagua pa kuweka mtungi.

Mie nikaenda kwa jirani kuomba maji.

Mama wa watu kanipokea vizuri, kanipa maji kwenye kikombe cha bati. Nikanywa. Nikasema, kwa kupitisha tu, minazi ya hapo imezaa mwaka huu.

"Imezaa," akasema. "Mwenyewe hajaja kuangua bado."

Maji yakanipalia. "Mwenyewe si Bakari?"

"Bakari! Huyo hata ngazi anaiogopa! Minazi ya Mwanahawa, dada yake, kaolewa Mahege. Mama yao kamwachia mwana nyumba, binti minazi. Mbona mtaa mzima tunajua?"

Nikarudi kwa Bakari, nikamkuta kwenye cherehani.

"Dada yako anajua unauza?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baadaye."

"Baadaye ya nini, Bakari? Ya kuhama?"

Akasimamisha cherehani. Akaniambia dada yake ana mikorosho mpaka haijui idadi, atakuja kuhangaika na minazi saba? Halafu akashusha sauti. Ataniongezea changu, mara mbili ya tulivyopatana. Na kama sitaki, yupo kijana wa stendi atamalizia fasta, leo hii hii.

Nisiwadanganye, vijana. Nilifikiria. Bati langu la chumbani lilikuwa linavuja, na masika yale yalikuwa makali. Nilitembea kutoka kwa Bakari mpaka msikitini nikilifikiria, na shetani ananipigia hesabu vizuri kabisa. Mwanahawa yuko mbali. Shamte ni mwanaume, atajitetea. Mie natafuta nini?

Kilichonirudisha ni kumwona akilini Bi Tatu na kichanga mkononi, na mwanamke asiyemjua kasimama mlangoni anasema hii minazi yangu, umeilipia kwa nani? Mtu aliyeuza mashua, ananunua nyumba pamoja na kesi. Nikasema, astaghfirullah, Siwema, umezeeka hivyo?

Nikaenda kuwaambia ukweli. Na ukweli, wanangu, haupokelewi kwa mkeka. Shamte aliwaka.

"Bi Siwema, mke wangu hana muda wa minazi! Unataka tungoje nini? Kule tuliambiwa tungoje maji!"

Nilichosema ni hiki: "Hamisheni mizigo mje kwangu. Chumba changu cha mbele ni chenu mpaka jambo hili liishe. Hospitali ni mbali kidogo kuliko kule, lakini bado ni miguu. Na mie kesho alfajiri nakwenda Mahege."

Hakunishukuru. Alibeba godoro akaliingiza ndani bila kunitazama. Bi Tatu ndiye aliyenifinya mkono.

Mahege nilikwenda na bodaboda, mvua imenyesha, barabara imekuwa uji. Tuliteleza mara mbili. Mara ya pili nikamwambia yule kijana aniachie nitembee, maana nimekuja kutafuta mwenye minazi, sikuja kutafuta kaburi. Nikafika kwa Mwanahawa nina tope mpaka kwenye kanga. Mwanamke mnene, sauti yake unaisikia kabla hujaiona nyumba. Alikuwa anachambua korosho. Akaniletea maji ya kunawa kwanza, hajauliza hata jina.

Nilipomweleza, mikono yake ikasimama ndani ya korosho.

"Bakari anauza nyumba ya mama?"

"Nyumba ni yake," nikasema.

"Ni yake, auze! Lakini nisikie kwa dalali? Mie sina masikio ya kuambiwa na ndugu yangu?" Akatoa machozi, akayafuta kwa mgongo wa mkono, akakasirika kwa kuwa ametoa machozi. "Na minazi siuzi. Kawaambie hao watu wa visiwani. Hata mmoja. Mama aliniachia minazi, hakuniachia hela."

Nikamwambia, "Mwanangu, sikuja kununua. Nimekuja kukwambia tu, ujue."

Akanitazama. "Umetoka Kibiti na tope lote hilo kuja kunambia tu?"

"Ndiyo."

Akacheka, kicheko kikubwa, na machozi bado yako shavuni. Akasema kesho atakuja, awaone watu watakaokaa chini ya minazi yake.

Kesho yake tukakutana uani kwa Bakari. Mwenyekiti wa kitongoji na daftari lake, jirani yule wa maji kama shahidi, Shamte na mkewe, Bakari na dada yake. Bakari alikuwa anatazama vidole vya miguu. Mwanahawa hakumpigia kelele kama nilivyoogopa. Alimsalimia tu, kwa upole, na upole ule ndio uliomwadhibu. Akasema mbele ya watu: nyumba iuzwe, bei ya minazi itolewe kwenye bei ya nyumba, minazi ibaki yake.

Bei ikashuka. Changu nacho kikashuka, sikatai, na bati langu likaendelea kuvuja mpaka mwaka uliofuata. Lakini Shamte akabakiwa na pesa ya kununua nyavu na kuanza tena. Nilimwona akihesabu kichwani, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Nilikusema vibaya, mama," akasema. Nikamwambia ningekuwa yeye ningesema vibaya zaidi.

Mwenyekiti anaandika, Bi Tatu akamgeukia Mwanahawa.

"Dada, ukija kuangua, unapenda kula nini? Nijue mapema."

Mwanahawa hakutegemea swali lile. "Wali wa nazi," akasema. "Na samaki, kama mnajua samaki kweli."

"Sie wa Kiongoroni tusijue samaki!"

Uwanja mzima ukacheka, hata Bakari. Na katikati ya kicheko kile Bi Tatu akashika mgongo. Akasimama. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Shamte, safari."

Yule mwanaume mgumu kakimbilia geti anaita bodaboda, anaita bajaji, angeita hata trekta. Bi Tatu akamzuia. "Niache. Nilisema nitakwenda kwa miguu."

Akaenda kwa miguu. Mwanahawa kamshika mkono huu, mie mkono huu, na Shamte nyuma kabeba ndoo na kanga. Kila uchungu ukija tunasimama, anashika bega la Mwanahawa, unapita, tunaendelea. Njiani Bi Tatu na Mwanahawa walianza kubishana namna ya kumpika kambale. Mwenyekiti alibaki uani na daftari wazi, mauziano hayajatiwa hata sahihi moja.

Kabla ya Alasiri alizaliwa mtoto wa kike, mzima, na kilio chake tulikisikia mpaka nje kwenye benchi. Shamte alikaa chini, palepale sakafuni, akalia bila kujificha. Sikuona haya nami kulia.

Sahihi tulizitia siku ya tano. Bi Tatu kashatoka hospitali na kitovu cha mtoto kilikatika asubuhi ile, kakifunga kwenye kitambaa. Sote tulijua kitovu huzikwa kwenu, na mti hupandwa hapo, na mtu akiulizwa kwao ni wapi, ndipo hapo. Lakini uani hapakuwa na mti wa Shamte hata mmoja. Shamte akaniuliza polepole kama ataruhusiwa kupanda mche mpya pembeni, karibu na choo, usimsumbue mwenye minazi.

Mwanahawa alisikia. Sauti yake mnaijua sasa.

"Karibu na choo! Kitovu cha mtoto!" Akachukua jembe kwa Shamte, akatembea mpaka kwenye minazi, akaishika mmoja mmoja kwa kiganja, akasimama kwenye wa nne. Pale akachimba mwenyewe. Bi Tatu akaweka kile kitambaa, tukafukia, na mwenyekiti akasoma dua.

Kisha Mwanahawa akamwambia mwenyekiti afungue tena daftari. "Pale ulipoandika minazi saba, andika sita."

Mwenyekiti akakata, akaandika. "Na huu mmoja? Jina la mwenyewe?"

Jina angepewa siku ya saba.

"Hana jina bado," Bi Tatu akasema.

Mwenyekiti akaandika hivyohivyo, na sote tukatia sahihi, Bakari wa mwisho: mnazi wa nne kutoka kisimani ni mali ya mtoto wa Shamte, umri wake siku tano.